Mwezi wa Kumi na Tatu

"Nani alikwambia kuna mwezi wa kumi na tatu?" fundi aliifokea kompyuta.

Kompyuta haikujali. Iliendelea kumwaga maandishi mekundu: tarehe haisomeki, tarehe haisomeki. Tangu mfumo mpya ufungwe mwaka jana, ukitafuta watu, mamia hawaonekani. Kila mtu alikuwa na tarehe mbili tu, ya kuingia na ya kuondoka, na hizo ndizo zilizokuwa zikimtoa fundi jasho.

Mkubwa wake akachungulia mlangoni.

"Bado tu? Wakaguzi wanakuja kesho, wewe unagombana na mashine!"

"Mkubwa, kichwa kinanipasuka."

"Si ulijisifu kwamba huko ulikokuwa ulikuwa bingwa?"

Fundi akameza hasira. Jumapili mkewe naye alikuwa amemjia juu. "Kila siku namwambia mtoto baba yuko kazini. Nimwambie nini tena?" Alimjibu, "Mwambie karibu narudi," na mkewe akaangalia pembeni.

Fundi akaikodolea macho tarehe moja iliyokataliwa: 13/5. Akapiga meza. Mfumo ulikuwa unaanza kusoma mwezi, ndipo siku! Makarani wote waliandika siku kwanza.

Furaha ikamkatika hapo hapo. Zilizokataliwa, afadhali. Lakini zile ambazo namba ya siku haikuzidi kumi na mbili, mfumo ulizipokea kimyakimya, miguu juu kichwa chini.

"Mkubwa, zenye makosa mekundu si tatizo. Kuna nyingine zinatudanganya bila kulalamika."

"Maneno matupu hayo. Nionyeshe moja."

Fundi akarekebisha mpangilio, akabonyeza, akasubiri huku akitafuna kucha. Mekundu yakatoweka yote. Kisha, kwa kujaribu tu, akaandika jina la kwanza lililomjia vidoleni, jina lake mwenyewe.

Skrini ikafunguka: *Mfungwa. Kuachiwa huru: 11 Machi.*

"Si tuliambiwa wewe ni tarehe tatu Novemba?" Mkubwa aliuliza.

Mkubwa akageukia kalenda ya ukutani, iliyoonyesha Agosti, akahesabu miezi kwa vidole mpaka mkono mmoja ukaisha. Taratibu akavua kofia yake ya askari magereza.

"Inuka, ndugu yangu," alisema. "Twende ukachukue nguo zako."