Mstari wa Nne wa Kanga

Nguchiro alikuwa fundi wa ulinzi aliyejifundisha mwenyewe, mdomo wake mrefu kuliko mkia. Mama Pimbi akamwita awalinde wanawe watatu pangoni, maana nyoka alishaonekana karibu.

Nguchiro akamweka Kanga mlangoni, mtiifu asiyeuliza swali. "Ukisikia sss, piga kelele, halafu chora mstari kwenye tope."

Kisha akajifanya anajaribu kazi. Akajibanza kwenye tundu la nyuma ya pango, akafanya sss. Kanga akapiga kelele, Mama Pimbi na wanawe wakatimua mbio, Nguchiro akacheka hadi akakaa chini. Mara ya tatu Mama Pimbi akachukia.

"Yaishe, mama," akasema Nguchiro. "Kanga, sss ya tundu la nyuma ni mimi. Nyamaza, wewe chora tu."

Amri hiyo hakuifuta kamwe.

Siku ya nne akaja kujitapa. Mama Pimbi alikuwa nje anaota jua, wanawe wamelala ndani.

"Mnaona kulivyo kimya? Nyoka kasikia jina langu."

Akaangalia tope. Mistari mitatu ilikuwa imekauka. Wa nne ulikuwa mbichi.

"Kanga, huu wa nani?"

"Wako. Umeingia sasa hivi kwa nyuma."

"Si nimesimama hapa?"

"Hata mimi nimeshangaa. Lakini uliniambia ninyamaze."

"Ametoka?"

"Akitoka nitachora."

Mama Pimbi akasogea kando ya mlango.

"Ingia, fundi."

Nguchiro akaingia, mkia mbele, mdomo nyuma.