Papa Aliyekataa Kuharakishwa

Zamani, samaki wote wa pwani walizalishwa na mkunga mmoja, Bi Chewa, na ujira wake ulikuwa kula sehemu ya mayai. Ndiyo maana hakupenda kuona jike amekaa bure.

"Wenzako wanazaa, wewe unanenepa tu," alimwambia Papa. "Nyavu zinaumaliza ukoo wenu. Zaa sasa!"

"Shangazi, mwili wangu haujakomaa."

Samaki wakamcheka, wakamwita tasa. Papa aliogopa kweli kwamba ukoo wake ungekwisha, lakini hakukubali kusukumwa. Miaka ikapita, akakomaa, akabeba mimba. Kila mwezi Bi Chewa alikuja kudai mayai.

"Wanangu wamo tumboni," Papa alisema, "na hawatoki mpaka wawe tayari."

Siku ya kuzaa, Bi Chewa alitangulia kwenye mikoko alikokwenda Papa kuzalia, akaachama. Hakuona hata yai moja. Walitoka watoto wachache, wakiogelea wenyewe, meno yameshaota. Wa kwanza akamng'ata Bi Chewa mdomo.

"Mama, huyu analiwa?"

Papa akamtazama Bi Chewa akirudi nyuma.

"Mkikua, wanangu," akajibu kwa sauti iliyosikika mikokoni kote. "Subirini mkue."