Kikombe Juu ya Kitufe

Ving'ora vya mtambo wa kuchimba mafuta vilikuwa vinalia, mafuta yameshaanza kumwagika baharini, na fundi wa kisima alikuwa anabandua selotepu kwa kucha.

Chini ya selotepu kulikuwa na kikombe cha plastiki cha kantini, na chini ya kikombe kulikuwa na kitufe chekundu cha kuziba kisima. Bosi wa mtambo ndiye aliyekifunika. Mwezi uliopita mtu alikigusa kwa kiwiko, kazi ikasimama, na wakubwa wa nchi kavu wakamjia juu bosi.

“Subiri kwanza!” bosi alifoka, simu ikiwa sikioni. “Naomba ruhusa ofisini.”

“Ruhusa ya nini, mzee? Bahari inaharibika, sisi tunaomba ruhusa?”

Ukutani, juu ya kichwa cha bosi, bango lilisema kila mfanyakazi ana haki ya kusimamisha kazi ya hatari. Fundi aliliona, akasonya. Haki gani hii ya kufungwa selotepu?

Ukucha ulikatika. Akaing'ata selotepu kwa meno, akang'oa kikombe, akabonyeza kwa kiganja kizima.

Sakafu ilitikisika, kisha ngurumo ya kisima ikaanza kufifia. Ndipo sauti ya ofisini ikasikika simuni, imetulia tuli: “Nani kabonyeza?”

Hakuuliza kama kuna aliyeumia. Wala habari za bahari hakuuliza.

Bosi akamnyooshea fundi kidole. Fundi akampokonya simu.

“Nimebonyeza mimi,” alisema, kikombe bado kiko mkononi, kimeloa damu ya ukucha. “Haya, sasa uliza nani alikifunika.”