Mwendo wa Mchana Mmoja

Miaka yote Bi Mwanakheri aliwaambia majirani kwamba mwanawe Hamadi haji nyumbani kwa sababu aliko ni mbali mno. Siku moja aliingia katika ofisi ya tiketi za ndege, akautaja mji anaoishi Hamadi.

"Ni maili elfu nne, mama," karani alisema. "Ukipanda asubuhi, jioni umefika."

"Jioni ya siku hiyohiyo?"

"Hiyohiyo."

Bi Mwanakheri alizoea kuulaumu umbali. Sasa amebaki Hamadi peke yake, na kumlaumu yeye moyo unakataa.

"Nikukatie ya kwenda na kurudi?"

Akaitoa pasi aliyoendea hija, akaiweka mezani.

"Ya kwenda. Ya kurudi nitaijua nikiuona uso wa mwanangu anaponifungulia mlango."