Kura ya Koo la Babu

"Enyi ukoo mtukufu!" simu zote nyumbani zikatangaza. "Chagueni daktari aongozwe na nini kutoboa koo la Babu Mbwarali, apate kupumua: kamera, mawimbi ya sauti, au vidole vitupu."

Ndiyo sheria: jamaa hupiga kura, daktari hutii.

Wakagombana hadi Babu akasahaulika. Kamera ilipata kura tatu, mawimbi tatu, vidole kura nne.

"Mwehu gani kachagua vidole?" Shangazi Saumu alifoka. Akafungua simu yake, akaduwaa kuona kura yake ni ya vidole. "Mimi?" Akamgeukia mpwa wake. "Shekue! Si wewe uliyekuwa ukituchajia simu?"

"Ifute, Shangazi!" Shekue akalia.

"Kura haifutwi," simu ikajibu. "Daktari ameshaanza."

Shekue akapiga magoti. "Zote nne ni mimi. Nilitaka mcheke tu. Nilijua wengine sita mtakubaliana kuchagua kamera."