Wageni wa Kitanda cha Dirishani

Mtu alikuwa anafungua kabati la kando ya kitanda. Mpishi aliusikia mlango wa bati ukilia karibu kabisa na sikio, lakini kuona hakuona. Uso wake wote ulikuwa umefungwa bandeji, pameachwa matundu ya pua na mwanya mdogo wa kupitisha mrija.

Alidhani ni nesi. Akanyoosha mkono kuomba maji, akaambulia kiganja kipana chenye jasho, cha mwanamume. Kiganja kile kilikakamaa, kisha kikatulia ndani ya mkono wake. Nyuma yake watu walinong'onezana. Mwanamke mmoja alikuwa analia kwa kwikwi.

"Dada yetu," sauti nzito ikasema hatimaye, "sisi ni wa kwaya. Tumekuja."

Mpishi hakuwa na kwaya yoyote. Kanisani alikanyaga mara ya mwisho kwenye harusi ya mdogo wake, na hata hapo alichomoka kabla ya mahubiri kwenda kuangalia masufuria. Watu hawa walikuwa wamekosea kitanda, basi. Yeye mwenyewe alihamishiwa pale dirishani asubuhi hiyo hiyo, na wodi ilijaa wanawake. Angewaambia, lakini mtungi wa gesi ulipolipuka kantini ulimuunguza uso pamoja na koo, na sauti hakuwa nayo.

Wakaimba. Waliimba vibaya. Mwenye besi alifika kwenye kila neno akiwa amechelewa, kama mtu anayekimbilia basi. Halafu mwenye kiganja cha jasho, ambaye wenzake walimwita Shemasi, akaanza kuomba, akimtuma Mungu huku na kule kama mhudumu mzembe: "Gusa hapa, Bwana! Shuka kidogo! Na hapo kooni, usiparuke!"

"Jamani, Mungu si kiziwi!" akafoka bibi wa kitanda cha jirani. "Halafu mimi nimevunjika nyonga hapa, hamnioni?"

Wakamwombea na yeye nyonga, kwa kelele zile zile.

Kesho yake wakarudi. Na kesho kutwa.

Kusema kweli, mpishi alikuwa ameshaamua kufa. Mumewe alikuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema anakwenda kuegesha pikipiki vizuri. Mpaka leo anaiegesha. Tangu siku ile mpishi alikuwa akiung'ata mrija na kukataa uji.

Lakini kukataa uji mbele ya kwaya nzima si mchezo. Yule mama wa kwikwi alimshikia kikombe, akamuuliza kama anapenda sukari nyingi au kidogo, kisha akamnong'oneza: "Kunywa, mwanangu, kabla Shemasi hajaanza kuomba tena."

Mpishi akanywa mpaka mrija ukakoroma.

Mchana mmoja, wodi ikiwa kimya, akajaribu na yeye. Moyoni akasema: "Mungu, ni mimi. Hatujuani sana. Najua ninakula maombi ya mtu mwingine, tafadhali usiwaambie. Huyo dada yao, popote alipo, mtafutie wageni wengine. Ikiwezekana wanaojua kuimba."

Akangoja. Hakikutokea kitu. Ila kifua kilikuwa chepesi, na akalala bila kuota moto.

Siku iliyofuata alimjia Mungu juu. Siku ya mtungi ulikuwa unaangalia wapi? Hukusikia harufu ya gesi? Aligomba mpaka bandeji zikalowa machozi, na katikati ya ugomvi ule akagundua kwamba alikuwa anazungumza na mtu aliyekuwepo.

Sauti ilirudi kabla ya uso. Akaificha. Angetamka neno moja tu, wangejua si ya dada yao, na uji ungekwisha, na nyimbo mbovu zingekwisha. Alimnong'oneza bibi wa nyonga peke yake: "Hawa watu wamepotea. Mimi siwajui."

"Nyamaza wewe, unywe uji," bibi akamjibu. "Mimi mwenyewe si wa dhehebu lao, na nyonga inaendelea vizuri."

Kisha ikafika siku ya kufungua bandeji. Daktari alimaliza kazi yake, akampa kioo, akageukia dirishani. Mpishi alijitazama. Shavu moja lilikuwa la kwake. La pili lilikuwa kama uji ulioganda.

Jioni akasikia viatu vyao kwenye korido, na besi ikija nyuma peke yake. Akajifunika shuka gubigubi. Wakasimama kukizunguka kitanda. Alitamani wamwombee mara moja ya mwisho, wakiwa bado hawajui. Badala yake akalivuta shuka chini.

Hakuna aliyerudi nyuma. Shemasi aliushika mkono wake kwa kiganja kile kile cha jasho.

"Mnisamehe," mpishi akasema, sauti ikikwaruza. "Mimi si dada yenu. Mlikosea kitanda siku ile, nami nikanyamaza, kwa sababu… kwa sababu mlikuwa mnakuja."

Yule mama aliweka kikombe chini. Alimpapasa shavu lile lililoganda, taratibu.

"Hatukukosea, mwanangu," akasema. "Binti yangu alifariki kwenye kitanda hiki, alfajiri ya siku ile. Tulikuja kuchukua nguo zake."