Sifuri ya Anyesi

Mwalimu Jackline aliilaza kadi juu ya karatasi ya majibu, na matundu yote arobaini yakatoka meupe.

Akaiinua, akapuliza vumbi, akailaza tena. Ilikuwa kadi ya boksi la sabuni, kila jibu sahihi limetobolewa kwa msumari wa moto. Penseli ya mtoto ikionekana tunduni, unampa alama. Hapa penseli haikuonekana kabisa. Mtoto alijaza kila swali, hakuruka hata moja, na yote akakosa.

"Leta na sisi tucheke," alisema Mikidadi, msimamizi wa usahihishaji wa mtihani wa majaribio wa darasa la saba pale Ngarenaro. Akasoma jina. "Anyesi Lesian. Sifuri! Jamani, hata mbuzi akikanyaga karatasi hii anaokota kumi."

Walimu wakacheka. Jackline hakucheka.

"Ndiyo maana kila siku nasema, jibu la kukosa likatwe alama," Mikidadi akaendelea. "Watoto wanabahatisha mno."

"Huyu hajabahatisha. Anayebahatisha angeangukia hata mawili matatu. Ili ukose yote, lazima uyajue yote, halafu uyakwepe."

Mikidadi akaweka kalamu chini.

"Sasa mtu mwenye akili zake ayakwepe ya nini?"

Jackline alijua ya nini. Alisoma shule hiyohiyo ya Anyesi, kule juu magharibi mwa mlima Meru, dawati moja la nyuma na Sabina. Sabina ndiye aliyemfundisha hesabu za sehemu mpaka zikamwingia. Wiki ya mtihani, baba yake Sabina akamwambia mtoto: kosa yote, mume yuko tayari. Sabina akakosa yote. Jackline akafaulu, akapelekwa bweni, na kabla mwaka haujaisha Sabina akafia kwenye uzazi huko kwa wakwe. Hakuna mkubwa hata mmoja aliyeuliza. Wakubwa wana neno moja tu kwa watoto wa namna ile: hakufaulu. Likishaandikwa hilo, faili linafungwa, watu wanakwenda kunywa chai.

"Kambi ya kuwaandaa kwa mtihani wa taifa inaanza lini?" aliuliza.

"Jumatatu. Na chini ya alama kumi haingii mtu, unajua mwenyewe. Vitanda havitoshi."

"Huyu mwachie nafasi mpaka kesho."

"Dada yangu, yule mtoto ni mzito. Nilimsimamia mwenyewe. Dawati la nyuma, yuko peke yake, lakini kajibanza ukingoni nusura adondoke. Namwambia kaa katikati, wapi! Na kila swali anatulia kwanza, kama anasubiri kuambiwa."

"Ni woga huo. Wewe ungetishwa nyumbani usingejibanza?"

Mikidadi akainua mikono. "Haya, mama mtetezi. Kesho saa nne nafunga majina. Ukishindwa, abaki kwao."

Bodaboda ilimpandisha Jackline mpaka lami ikaisha, kisha ikaendelea kwenye matope mekundu kati ya migomba. Njia nzima alikuwa akimtukana baba ambaye hajawahi kumwona. Alimkuta zizini, mzee mkavu, anamfunga ndama. Hakusubiri kukaribishwa.

"Mimi ni mwalimu, natoka kwenye usahihishaji. Wewe ndiye baba Anyesi? Umemwahidi nani huyo mtoto?"

Lesian akasimama, kamba mkononi. "Nani kasema?"

"Amekosa maswali yote kwa makusudi! Nyie mnadhani hatuwajui? Mmeshawazika wangapi mkasema ni mipango ya Mungu? Nakwenda polisi leo hii, na kwa mchungaji wako, Jumapili akutaje mbele ya watu."

"Tukana, mwalimu, lakini sikiliza." Mzee akaiachia kamba. "Mimi nataka huyu asome. Na miguu hii mibovu, ng'ombe nachunga mwenyewe ili yeye asikose darasa. Majirani wananicheka, wanasema Lesian amekuwa layoni uzeeni, amerudi kuwa kijana wa kuchunga. Na hapa nyumbani maswali anayajibu yote, namsikia. Akifika shule, anakosa. Sasa nieleze wewe mwenye elimu: huko shuleni kwenu kuna nani?"

Hasira aliyoibeba Jackline kutoka mjini, na miaka yote kabla ya hapo, ikakosa mtu wa kuangukia. Macho ya mzee yalikuwa mekundu, na hayakuwa macho ya mwongo.

"Mwite," alisema taratibu.

Anyesi alitokea nyuma ya nyumba, bado amevaa sketi ya shule. Akasogea, akainamisha kichwa kama mtoto aliyelelewa vizuri, na Jackline akamwekea kiganja utosini kumsalimia.

"Usiogope, mwanangu. Kambini nafasi yako ipo, nitaipigania mimi. Niambie tu ni nani anayekwambia ukose."

Mtoto alimtazama baba yake, kisha mgeni.

"Ninayekaa naye. Anasema nikifaulu nitaondoka, atabaki tena peke yake."

"Lakini Anyesi, wewe unakaa mwenyewe."

Anyesi akasogea pembeni hatua moja, polepole, kama anayempisha mtu.

"Na yeye mguse kichwa, mwalimu, ameshainama," alisema. "Anauliza, Jackline, kwa nini uliondoka bila kumuaga?"